Viza Si Leseni ya Biashara: Masharti kwa Wageni Wanaotaka Kuwekeza Kigombe na Pwani ya Tanga

Kigombe ni kata ya pwani katika Wilaya ya Muheza, Mkoa wa Tanga, kando ya barabara inayotoka jijini Tanga kwenda Pangani. Wakazi wake huishi kwa uvuvi, kilimo cha mwani, minazi na kazi katika mashamba ya mkonge. Fukwe za eneo hilo, miamba ya matumbawe iliyo jirani na mradi wa barabara ya lami ya Tanga–Pangani–Bagamoyo vinaifanya Kigombe kuwa mahali panapotazamwa na watu kutoka nje ya nchi wanaotaka kujenga nyumba za wageni, kuendesha safari za baharini au kununua mazao.

Uwekezaji wa aina hiyo una manufaa. Huleta ajira, soko la samaki na mazao, pamoja na mapato kwa Halmashauri. Hata hivyo, mgeni anapofika kijijini akiwa na pasipoti iliyogongwa muhuri, ni rahisi kwa mwenyeji wake kudhani kwamba Serikali imekwisha kumruhusu kufanya shughuli yoyote. Dhana hiyo si sahihi. Viza ni ruhusa ya kuingia nchini tu. Kuendesha biashara kunahitaji ruhusa nyingine, zinazotolewa na mamlaka tofauti na kwa mpangilio maalumu. Anayeuruka mpangilio huo anaweza kupoteza mtaji na kuondolewa nchini, na Mtanzania aliyemsaidia kuuruka naye anaweza kufikishwa mahakamani.

Makala hii inafafanua ruhusa hizo kwa manufaa ya mgeni anayekusudia kufanya biashara, na kwa manufaa ya mwananchi wa Kigombe au kijiji kingine cha pwani anayeombwa ardhi, ubia au jina lake.

Viza na mipaka yake

Masuala ya kuingia na kukaa kwa wageni nchini yanasimamiwa na Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, ambayo ilitungwa mwaka 1995. Tangu mwishoni mwa mwaka 2018 maombi ya viza yanaweza kufanywa kwa njia ya mtandao kupitia Idara ya Uhamiaji kabla ya safari. Mwombaji anatakiwa kuwa na pasipoti iliyobakiza muda wa angalau miezi 6.

Viza zinazohusika zaidi na mada hii ni za aina tatu. Ya kwanza ni viza ya kawaida ya kuingia mara moja, ambayo ada yake ni Dola 50 za Marekani na muda wake hauzidi siku 90. Ya pili ni viza ya kuingia mara nyingi, yenye ada ya Dola 100, kwa mtu ambaye shughuli zake zinamlazimu kuja na kurudi mara kwa mara ndani ya mwaka. Ya tatu ni viza ya biashara, yenye ada ya Dola 250 na muda usiozidi siku 90.

Jina la viza hii ya tatu huwapotosha wengi. Viza ya biashara haimruhusu mtu kufungua duka, hoteli au kampuni na kuiendesha. Imekusudiwa kwa mgeni anayekuja kufanya kazi mahsusi ya muda mfupi, kama vile fundi anayekuja kufunga au kutengeneza mitambo, au mtaalamu anayetoa mafunzo mafupi. Siku 90 zikiisha, kazi imekwisha na mgeni anaondoka.

Chukulia mgeni kutoka Ulaya anayetaka kujenga nyumba ya wageni yenye vyumba 8 katika ufukwe wa Kigombe. Akifika kwa viza ya kawaida, anaweza kuliona eneo, kuuliza taratibu katika ofisi za Serikali na kurudi kwao kujipanga. Akianza kuajiri wahudumu na kupokea wageni wanaolipa, tayari anaendesha biashara, na viza aliyonayo haimlindi.

Wapo pia raia wa nchi ambazo hazihitaji viza kuingia Tanzania. Msamaha huo ni wa viza peke yake. Haumwondolei mtu wajibu wa kuwa na kibali cha kazi, kibali cha ukaazi na leseni ya biashara.

Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki

Kigombe iko katika mkoa unaopakana na Kenya, na wafanyabiashara wengi huingia kupitia kituo cha pamoja cha mpakani cha Horohoro kilichopo Wilaya ya Mkinga. Raia wa nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawalipii viza, na hupewa ruhusa ya kukaa hadi miezi 6 wanapoingia kwa matembezi. Jumuiya hiyo sasa ina nchi 8: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Somalia.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai, 2010, inatambua haki ya raia wa nchi mwanachama kuanzisha shughuli za kiuchumi katika nchi nyingine ya Jumuiya. Lakini haki hiyo hutekelezwa kwa kufuata sheria za nchi husika. Mfanyabiashara kutoka Mombasa anayetaka kuweka makao Tanga na kuendesha biashara huko anahitaji vibali kama wageni wengine. Muhuri wa miezi 6 aliogongewa Horohoro ni wa matembezi.

Biashara ambazo mgeni haruhusiwi kufanya

Kabla ya kutafuta kibali, mgeni anapaswa kujiuliza kama biashara anayoitaka iko wazi kwake. Tarehe 28 Julai, 2025 ilianza kutumika Amri ya Leseni za Biashara ya Kuzuia Wasio Raia Kufanya Baadhi ya Biashara, iliyotolewa na Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati huo, Dkt. Selemani Jafo, chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, Sura ya 208. Amri hiyo ilikuja baada ya malalamiko ya wafanyabiashara wa ndani, hususan wa Kariakoo jijini Dar es Salaam, kwamba wageni wameingia katika biashara ndogondogo ambazo Watanzania wana uwezo wa kuzifanya.

Amri inataja maeneo 15 ya biashara yaliyotengwa kwa raia. Katika upande wa uchuuzi na huduma, imezuia biashara ya jumla na rejareja, isipokuwa maduka makubwa ya kisasa na vituo maalumu vya kuuza kwa jumla bidhaa za wazalishaji wa ndani. Huduma za kutuma fedha kwa simu. Ufundi wa simu na vifaa vya kielektroniki. Saluni, isipokuwa zilizo ndani ya hoteli au kwa ajili ya utalii. Usafi wa nyumba, ofisi na mazingira. Na huduma za posta na usafirishaji wa vifurushi ndani ya nchi.

Katika upande wa utalii na habari, imezuia kuongoza watalii, kuendesha makumbusho au maduka ya vinyago na kumbukumbu, na kuanzisha au kuendesha vituo vya redio na televisheni. Maeneo mengine ni uchimbaji mdogo wa madini. Udalali na uwakala wa biashara na wa majengo na ardhi. Uwakala wa forodha. Ununuzi wa mazao shambani. Mashine za kamari zilizo nje ya kasino. Pamoja na umiliki na uendeshaji wa viwanda vidogo sana na vidogo.

Orodha hiyo inagusa maisha ya Muheza na Kigombe moja kwa moja. Muheza ni wilaya inayojulikana kwa machungwa, ambayo sehemu yake husafirishwa kwenda Kenya. Mnunuzi asiye raia anayezunguka mashambani na kununua machungwa kwa mkulima yumo ndani ya katazo la ununuzi wa mazao shambani. Njia iliyo wazi kwake ni kununua kutoka kwa wafanyabiashara, vikundi au vyama vya ushirika vya Watanzania. Amri inamzungumzia asiye raia kwa ujumla, na imezua mjadala ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hasa kutoka upande wa Kenya. Kwa sababu hiyo, mfanyabiashara kutoka nchi jirani anashauriwa kupata ufafanuzi wa maandishi kutoka Wizara ya Viwanda na Biashara kabla ya kuingiza mtaji wake.

Kwa mgeni wetu mwenye nia ya kujenga nyumba ya wageni, malazi ya watalii hayamo katika orodha hiyo. Anaweza kuendelea. Lakini hawezi kufungua duka la vinyago mlangoni, wala kuwaongoza watalii yeye mwenyewe. Shughuli hizo zimebaki kwa Watanzania, na ndiyo nafasi ya vijana wa Kigombe: kuwa waongoza watalii wenye leseni na kuwa na maduka yao wenyewe.

Adhabu zimeainishwa. Asiye raia anayepatikana na hatia ya kufanya biashara iliyokatazwa hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au hufungwa kifungo kisichozidi miezi 6, na viza na kibali chake cha ukaazi hufutwa. Mtanzania anayemsaidia kufanya biashara hiyo anakabiliwa na faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Mamlaka za leseni zimezuiwa kutoa au kuhuisha leseni kwa wasio raia katika biashara hizo. Waliokuwa na leseni halali wakati Amri inaanza waliruhusiwa kuendelea hadi leseni hizo zitakapomaliza muda wake.

Kampuni, mlipa kodi na leseni

Iwapo biashara inaruhusiwa, hatua inayofuata ni kuipa sura ya kisheria. Kampuni au jina la biashara husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, kwa njia ya mtandao. Baada ya hapo hupatikana Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA.

Leseni za biashara zimegawanyika katika makundi mawili. Za kundi A hutolewa katika ngazi ya Taifa kupitia BRELA, na za kundi B hutolewa na halmashauri. Kwa Kigombe, mamlaka husika ya kundi B ni Halmashauri ya Wilaya ya Muheza. Anayewekeza katika utalii anahitaji pia leseni ya wakala wa biashara ya utalii chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008.

Nyaraka hizi zinaonyesha kwamba biashara ipo na inatambulika, lakini hazimruhusu mmiliki wake wa kigeni kuifanyia kazi. Mtu anaweza kumiliki hisa katika kampuni ya Tanzania akiwa anaishi nje ya nchi. Akitaka kuja kuisimamia mwenyewe, vinahitajika vibali viwili vinavyofuata.

Kibali cha kazi

Kwa upande wa Tanzania Bara, ajira na shughuli za wageni zinaongozwa na Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni Na. 1 ya mwaka 2015. Sheria hiyo iliweka mamlaka ya kutoa vibali vya kazi mikononi mwa Kamishna wa Kazi, ikitenganisha kibali cha kazi na kibali cha ukaazi ambacho kinabaki kwa Idara ya Uhamiaji.

Vibali vya kazi viko katika madaraja. Daraja A ni la wawekezaji na watu waliojiajiri wenyewe. Daraja B na C ni ya wageni walioajiriwa, kulingana na taaluma zao. Daraja D ni la wanaofanya kazi katika taasisi za dini na za hisani zilizosajiliwa, na Daraja E ni la wakimbizi.

Mmiliki wa nyumba ya wageni ya Kigombe ataomba Daraja A. Akitaka kumleta mwalimu wa kuzamia kutoka kwao, huyo ni mwajiriwa na anahitaji kibali chake mwenyewe. Mwajiri atatakiwa kueleza kwa nini nafasi hiyo haikupata Mtanzania mwenye sifa, na kuwa na mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi huo. Lengo la masharti haya ni kwamba mgeni akiondoka, utaalamu ubaki.

Maombi huambatanishwa na nakala ya pasipoti, cheti cha usajili wa kampuni, leseni, uthibitisho wa ulipaji kodi, maelezo ya sifa za mwombaji na ushahidi wa mtaji. Kibali cha kazi hutolewa kwa muda usiozidi miezi 24 kwa mara ya kwanza na kinaweza kuhuishwa. Kufanya kazi bila kibali ni kosa, na kumwajiri mgeni asiye na kibali pia ni kosa. Maofisa kazi wana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi na kukagua.

Kibali cha ukaazi

Baada ya kibali cha kazi ndipo huombwa kibali cha ukaazi. Kwa kawaida mmoja hautolewi bila mwingine: mwekezaji asiye na kibali cha kazi hawezi kupewa kibali cha ukaazi cha kufanyia biashara.

Madaraja ya ukaazi ni matatu, na herufi zake zisichanganywe na za vibali vya kazi. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri. Daraja B ni la walioajiriwa. Daraja C ni la makundi mengine kama vile wanafunzi, watafiti, watu wanaojitolea na wastaafu. Mgeni mwenye Daraja C aliyekuja kujitolea shuleni hawezi kulitumia kuendesha mgahawa.

Kibali hutolewa kwa shughuli iliyotajwa ndani yake. Aliyeomba kuendesha malazi na baadaye akataka kufanya kilimo anapaswa kurudi kwa mamlaka husika kabla ya kubadili. Mwenzi na watoto wa mwekezaji huombewa pasi ya wategemezi, na mtegemezi huyo haruhusiwi kufanya kazi kwa pasi hiyo. Kwa mkoa huu, maelekezo hupatikana katika Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa wa Tanga.

Mwekezaji mwenye mradi mkubwa

Wawekezaji wenye miradi mikubwa wana njia ya ziada. Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2022 iliweka kiwango cha chini cha mtaji kwa anayetaka cheti cha vivutio kuwa Dola 50,000 kwa Mtanzania na Dola 500,000 kwa mgeni. Sheria hiyo pia ilimpa mwekezaji mwenye cheti nafasi ya kuleta hadi wataalamu 10 wa kigeni katika kipindi cha kuanza kwa mradi, idadi iliyokuwa 5 chini ya sheria iliyotangulia ya mwaka 1997.

Mwaka 2025 Kituo cha Uwekezaji Tanzania, TIC, na Mamlaka ya maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje, EPZA, viliunganishwa kuwa Mamlaka ya Uwekezaji na Maeneo Maalum ya Kiuchumi Tanzania, TISEZA. Mwekezaji hupata hapo mwongozo wa sasa na huduma za taasisi mbalimbali katika sehemu moja, zikiwemo Uhamiaji, Kazi, Ardhi na TRA.

Cheti cha vivutio si lazima kwa kila mwekezaji. Mwenye mtaji mdogo katika biashara isiyokatazwa anaweza kusajili kampuni na kuomba vibali vya Daraja A bila cheti hicho. Atakachokosa ni vivutio vya kikodi, nafasi za wataalamu na jambo jingine zito zaidi kwa ukanda wa pwani: njia ya kupata ardhi.

Ardhi ya kijiji haiuzwi kwa mgeni

Hapa ndipo migogoro mingi inaweza kuzaliwa. Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na iko chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mtu asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji, na hupewa haki ya kuitumia kupitia mamlaka ya uwekezaji. Kampuni ambayo wenye hisa wengi si raia huhesabiwa kuwa si raia, hata kama imesajiliwa BRELA na ina jina la Kiswahili.

Ardhi ya kijiji inalindwa pia na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Mgeni hapewi hakimiliki ya kimila. Ili mradi wake uweze kuwa katika eneo la kijiji, ardhi hiyo inapaswa kwanza kuhamishwa kutoka ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla. Kwa eneo lisilozidi hekta 250, mwenye uamuzi wa kukubali au kukataa pendekezo la uhamishaji ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kwa eneo kubwa zaidi uamuzi huo huwa wa Waziri mwenye dhamana ya ardhi, baada ya kupata maoni ya kijiji. Fidia hukubaliwa kabla ya uhamishaji kukamilika.

Kwa hiyo karatasi ya mauziano iliyosainiwa na mwenyekiti wa kijiji pamoja na mashahidi wawili haimpi mgeni haki yoyote. Mgeni anaweza kujenga vyumba 8 juu ya karatasi hiyo na kuvipoteza vyote. Mwananchi aliyepokea fedha naye hubaki na deni na kesi. Anayeombwa kiwanja cha ufukweni anapaswa kuanza kwa Ofisa Ardhi wa Wilaya.

Zaidi ya hayo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na miradi ya hoteli hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira. Kigombe pia iko katika eneo la Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 552, kwa ajili ya kulinda samaki wa kale aina ya silikanti, matumbawe na mikoko. Shughuli za kuzamia, kuvua na kupeleka boti katika eneo hilo zinahitaji kuzingatia taratibu za hifadhi hiyo.

Kukopesha jina

Ipo njia ya mkato ambayo wananchi wanapaswa kuiepuka. Mgeni asiyetaka kufuata utaratibu, au anayetaka biashara iliyokatazwa, humtafuta Mtanzania ili leseni, kiwanja au kampuni iandikwe kwa jina lake, kwa ahadi ya mshahara au sehemu ndogo ya faida. Katika nyaraka Mtanzania ndiye mmiliki. Katika hali halisi hashiki fedha, haoni hesabu na hana sauti.

Mpango huo humweka mwananchi mahali pabaya kuliko mgeni. Kodi isipolipwa, TRA humtafuta mwenye jina. Wafanyakazi wasipolipwa, humshtaki mwenye jina. Biashara ikiwa ni miongoni mwa zilizotengwa kwa raia, faini ya shilingi milioni 5 au kifungo humkuta yeye, wakati mgeni anaweza kuwa amekwisha kuondoka nchini.

Ubia wa kweli ni jambo tofauti, na sheria inauruhusu. Katika ubia wa kweli, hisa za kila mmoja zimeandikwa katika nyaraka za kampuni, mchango wa kila mmoja unajulikana, akaunti ya benki ina watia saini waliokubaliwa, na mgeni ana vibali vyake mwenyewe. Mwananchi anayealikwa katika ubia anayo haki ya kuomba kuona nyaraka hizo, na kuzipeleka kwa mwanasheria kabla ya kuweka saini.

Zanzibar na nchi nyingine

Uhamiaji ni suala la Muungano, hivyo viza moja hutumika pande zote mbili. Masuala ya kazi na leseni za biashara si ya Muungano. Kibali cha kazi kilichotolewa Tanzania Bara hakitoshi kufanyia kazi Zanzibar, ambako zipo sheria na mamlaka nyingine, ikiwemo Mamlaka ya Kukuza Vitega Uchumi Zanzibar, ZIPA. Jambo hili ni muhimu kwa mwenye biashara ya boti zinazowavusha watalii kutoka pwani ya Tanga kwenda Unguja au Pemba.

Masharti ya namna hii hayako Tanzania peke yake. Kenya, kwa mfano, humtaka mgeni anayeomba kibali cha Daraja G cha biashara kuonyesha mtaji wa angalau Dola 100,000. Uingereza, tangu Aprili 2023, ina viza ya waanzilishi wa biashara mpya ambayo mwombaji wake hulazimika kuidhinishiwa wazo lake na taasisi iliyoteuliwa. Mfanyabiashara wa Tanga anayetaka kufungua duka Mombasa au London naye atakuta kwamba viza ya matembezi haitoshi.

Mpangilio kwa ufupi

Mgeni anayetaka kuendesha biashara Kigombe aanze kwa kuhakiki kama biashara hiyo haimo katika orodha ya 15. Kisha asajili kampuni, apate namba ya mlipakodi na leseni, apate ardhi kwa njia ya kisheria, aombe kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, na hatimaye kibali cha ukaazi kutoka Idara ya Uhamiaji. Shughuli ianze baada ya vibali hivyo kutoka. Ada zote zilipwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali na zisipitie mkononi mwa mtu.

Mwananchi anayekaribishwa kushirikiana na mgeni aombe kuona mambo matatu: leseni, kibali cha kazi na kibali cha ukaazi, vyote vikiwa na jina la mgeni huyo na vikitaja shughuli anayoifanya. Pasipoti yenye viza pekee haitoshi. Mwenye shaka afike katika Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa wa Tanga, Ofisi ya Kazi ya Mkoa au ofisi za Halmashauri ya Wilaya ya Muheza, ambako maelezo hutolewa bila malipo.